Mali Inayopita, Watu Wanaobaki: Historia, Siasa na Uchumi wa Fizi

Mhadhara kwa wananchi wa Nundu



Nimeombwa niseme juu ya historia, siasa na uchumi wa Fizi. Shuleni mambo haya hufundishwa kila moja kivyake. Wa historia anataja vita, wa siasa anataja vyeo, wa uchumi anataja hesabu za Kinshasa. Leo nataka niyafunge pamoja, kwa kuwa swali lililonileta ni moja. Nchi hii ina Ziwa Tanganyika lenye samaki. Ina michikichi mwambao wote huu, ina karanga na mihogo, ina malisho ya milimani, ina dhahabu. Watu wake wamesimama kudai haki yao tena na tena, na wamelipa kwa damu. Iweje basi mama mjamzito wa Lulenge bado abebwe kwa kipoyi kutwa nzima kabla hajaonana na muuguzi?

Jibu langu nalitoa mapema ili mnipime nalo. Tangu siku za misafara mpaka leo, karibu kila mwenye nguvu aliyeishika Fizi ameishi kwa kutoza mali inayopita. Hakuishi kwa kuijenga kazi ya watu wanaobaki. Na mtawala anayekula njiani hana haja ya kukubaliwa na kijiji. Anachohitaji ni kuishika njia tu. Majina ya watawala yamebadilika, bendera zimebadilika, hata nyimbo za taifa zimebadilika, lakini desturi hiyo imebaki. Tusipoigusa, tutaendelea kubadilisha watu na kubaki na maisha yaleyale.

Ziwa kabla ya mipaka

Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji Februari 1858. Miezi miwili baadaye walipanda mitumbwi, wakapita rasi ya Ubwari, wakaenda mpaka Uvira. Hawakukuta ziwa lililolala. Walikuta chumvi ya Uvinza, mawese, samaki, vyuma na pembe za ndovu vikivuka huku na kule. Mitumbwi mikubwa ilichongwa katika misitu ya Ugoma, ng'ambo yetu hii ya magharibi. Ziwa lilikuwa soko moja, na watu wa pande zote walijuana kwa majina na kwa madeni.

Katika mali iliyovuka walikuwemo watu. Hilo tusilifunike. Biashara ya pembe na watumwa ilipokua, Ujiji ikawa lango kubwa, na katika miaka ya 1880 Rumaliza, mfanyabiashara mwenye bunduki nyingi, aliutawala upande wa kaskazini wa ziwa. Aliyemiliki bandari na bunduki hakuhitaji shamba wala raia. Alihitaji mali ifike pwani. Vijiji vya mwambao vilijifunza kuogopa kila tanga lisilojulikana, na wengi wakapanda milimani.

Lakini ndani ya Ubembe, nchi ya Wabembe, palikuwa na utaratibu mwingine wa mambo. Wazee mliopo mnakumbuka lubunga, nyumba ya wanaume, palipoliwa pamoja na kuamuliwa mashauri mbele ya kila mwenye haki ya kusikia. Palikuwa na Bwami, chama cha vyeo, na ngazi zake zilipandwa kwa mwenendo na kwa kutoa, tena mbele ya mashahidi. Sisemi kila kitu kilikuwa chema. Wanawake na vijana hawakuwa na kauli sawa na wazee. Lakini mkubwa alijulikana alikula nini na aligawa nini. Mnisaidie kulishika jambo hili, kwa maana nitalihitaji mbele.

Daftari lililosomwa mbali

Dola Huru la Kongo la Mfalme Leopold lilitangazwa 1885. Mwishoni mwa 1891 Wabelgiji wa chama cha kupinga utumwa wakajenga kituo Albertville, yaani Kalemie ya leo, na kufikia 1894 nguvu ya Rumaliza ilikuwa imevunjwa. Mwaka 1908 nchi ikawa koloni la Ubelgiji. Reli ya kutoka Kabalo ilifika Kalemie 1915, na mwaka uliofuata majeshi ya Wabelgiji yakavuka kuwapiga Wajerumani hadi Tabora. Nyuma ya kila askari palikuwa na wapagazi. Kivu ililipa gharama ya vita hiyo kwa mabega na kwa makaburi yasiyo na jina.

Ikaja pia kodi ya kichwa, na tangu 1917 kilimo cha lazima. Hapo mtaniambia: mwalimu, mkoloni hakula njiani tu, alimtoza hata aliyebaki kijijini. Ni kweli. Yeye ndiye wa kwanza kuandika jina la kila mwanamume mzima wa Fizi kwenye daftari. Lakini daftari lile lilisomwa Bukavu, Léopoldville na Brussels. Mlipakodi wa Nundu au wa Kazimia hakuonyeshwa ukurasa hata mmoja. Chifu aliwajibika kwa mzungu aliyempa medali, hakuwajibika tena kwa lubunga. Na Bwami ikapigwa marufuku, kwa sababu ilikuwa mamlaka ambayo mkoloni hakuiteua na hakuweza kuihesabu. Kwa hiyo uhuru ulipokuja Juni 30, 1960, tulirithi kodi bila hesabu, na chifu bila baraza.

1964: hasira yenye haki, jeshi lisilo na shamba

Lumumba aliuawa Januari 17, 1961. Miaka mitatu baadaye mashariki yote ililipuka. Gaston Soumialot alipanga mambo akiwa Bujumbura. Vijana wa bonde la Ruzizi waliinuka Aprili 1964. Uvira ikaanguka Mei, Fizi ikafuata, Albertville ikaanguka Juni, na Agosti waasi hao, walioitwa Simba, wakaingia Stanleyville. Watu wa hapa hawakudanganywa na mtu. Walikuwa wameona miaka minne ya uhuru bila mshahara kwa mwalimu, na viongozi wapya wakihamia katika nyumba za Wazungu.

Aprili 24, 1965, Ernesto Che Guevara alivuka kutoka Kigoma, akashuka Kibamba, mwambao wetu wa kusini. Alikaa miezi saba. Wenzake wa Kuba waliozidi mia moja walimfuata. Wengi hapa mnajivunia habari hiyo, na mna haki. Lakini someni alichokiandika baadaye. Aliliona jeshi lile la mapinduzi likiishi juu ya mgongo wa mwanakijiji, likidai chakula na kubebewa mizigo kutoka ziwani hadi mlimani, bila kulima na bila kumrudishia mkulima chochote. Mwisho wa Septemba 1965 mamluki wa Mike Hoare walishuka Baraka kwa mashua, na mwezi uliofuata Fizi ikatwaliwa. Novemba 21 Che akavuka kurudi Kigoma. Novemba 24 Mobutu akatwaa madaraka Kinshasa.

Katika habari hii wengi huona kushindwa kwa bunduki. Mimi naona kwamba uasi uliokuwa na sababu za haki kabisa ulipoteza mioyo ya watu waliobaki, kwa kuwa haukuwapa nafasi ya kuuliza.

Hewa Bora

Sasa nifike mahali ambapo Fizi iliwahi kuwa na dola yake yenyewe. Hapa nitakaa kidogo.

Desemba 24, 1967, Laurent-Désiré Kabila na wenzake walianzisha Chama cha Mapinduzi ya Watu, PRP, katika milima ya Fizi. Makao yao waliyaita Hewa Bora. Kwa karibu miaka ishirini, wakati Mobutu akiitwa baba wa taifa katika nchi nzima, milima hii haikumtii. Mwanahistoria Wilungula Cosma ameandika kitabu kizima juu ya miaka hiyo, kuanzia 1967 hadi 1986, na kila kijana wa Fizi anayesoma Kifaransa angefaa akitafute.

Hewa Bora ilikuwa na mambo ambayo serikali ya Zaire haikuwaletea watu wa milimani. Palikuwa na shule, palikuwa na zahanati, palikuwa na mashamba ya pamoja, na watu wazima walifundishwa kusoma. Lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Palikuwa na mafundisho ya siasa yaliyochukuliwa kwa Mao, yakisema kwamba mkulima ndiye msingi wa mapinduzi. Ukiishia hapo, utasema hii ndiyo serikali tuliyoikosa.

Lakini tuulize swali letu lilelile: iliishi kwa nini? Iliishi kwa dhahabu na pembe za ndovu. Wakulima na wachimbaji walitoa mali, chama kikaikusanya, ikateremshwa usiku hadi ziwani, ikavuka Kigoma au Bujumbura, na huko ikawa risasi, dawa, nguo na chumvi. Mei 19, 1975, wapiganaji wa PRP walivuka ziwa mpaka Gombe, kwenye kituo cha utafiti wa sokwe cha Jane Goodall, wakateka wanafunzi wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Walirudishwa wakiwa hai baada ya fedha kulipwa. Hata maofisa wa jeshi la Mobutu waliopelekwa kuwazingira waasi waliona faida. Wakawa wananunua dhahabu na pembe kutoka kwa watu waliotakiwa kuwapiga. Vita ikawa soko, na sokoni hakuna anayetamani sana bei ivurugwe.

Na mkulima, aliyeitwa msingi wa mapinduzi? Hakuambiwa gramu ngapi zilivuka wala zilirudi nini. Mkubwa wa chama aliishi muda mrefu Dar es Salaam, kwa majina mengine. Mlimani, waliouliza maswali walionekana wasaliti, na palikuwa na miaka ambapo tuhuma za uchawi zilitumiwa kuwaangamiza watu. Mwaka 1984, na tena 1985, PRP ilivamia Moba, upande wa Katanga. Jeshi la Mobutu lilijibu kwa ukali, na wengi wa milimani wakakimbilia Tanzania. Dola ya Hewa Bora ikazimika.

Nawaheshimu waliokufa kwa ajili yake. Wengine ni ndugu zetu, na walikufa wakiamini. Kwa sababu hiyohiyo nasema wazi: Hewa Bora ilikuwa na shule bila kuwa na hesabu. Wahenga wameshasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya Fizi ilipotea hivyo mikononi mwa watoto wa Kongo, si mikononi mwa Wabelgiji.

Mtu wa mlimani anakuwa Rais

Oktoba 1996 Kabila alirudi akiwa msemaji wa AFDL, muungano wa waasi dhidi ya Mobutu, pamoja na majeshi ya Rwanda. Mei 17, 1997, Kinshasa ikaanguka. Mtu aliyejua kila njia ya Fizi akawa Rais wa Jamhuri. Ni nani hapa aliyedhani barabara ya Baraka ingechelewa tena? Lakini Agosti 2, 1998, vita ya pili ikaanza, waasi wa RCD wakashika mashariki, na wapiganaji wa Mai-Mai wakainuka. Mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999 mamia ya raia waliuawa Makobola, kwenye barabara hii hii. Sitaendelea zaidi juu ya Makobola. Humu ndani wamo wenye majina ya waliolala pale, na mhadhara mmoja hautoshi kwao.

Maelfu kwa maelfu walivuka ziwa, wakaishi Lugufu na Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma. Kuanzia Oktoba 2005 meli ya Shirika la Wakimbizi ilianza kuwarudisha, ikitia nanga Baraka. Walishuka na mabati, vyeti vya shule na watoto waliozaliwa ng'ambo. Baraka ikakua kuliko ilivyowahi kukua, na 2013 amri ya serikali ikaipa hadhi ya mji. Kurudi huko ni ushahidi wa uwezo wa watu wetu: walijenga nyumba kwanza, halafu soko, halafu shule, kabla ya serikali kuwafikia.

Serikali na makundi yenye silaha vilipofika, vilifika vipi? Vilifika na bariyeri.

Dumu moja la mawese

Tuchukue dumu moja la mawese, la lita ishirini, kutoka hapa Nundu. Mama amepanda au amekodi michikichi. Vijana wamekata mikungu. Chikichi zimechemshwa katika pipa tangu alfajiri, zimetiwa kwenye mashine ya kukamulia, vijana wawili wameusukuma mti wake wakizunguka, mafuta yametoka mekundu, yamechujwa, yamepozwa. Hapo ni kazi ya siku kadhaa na mikono mingi. Dumu linapakiwa juu ya lori kwenda Uvira, safari isiyofika kilomita 100.

Barabarani kuna bariyeri: kamba imefungwa kati ya miti miwili. Dereva anapunguza mwendo, kondakta anashuka na noti iliyokunjwa. Mbele kuna kamba nyingine, na kibanda cha mabati, na mtu mwenye kitabu cha jetoni ambacho hakuna ajuaye kilichapwa wapi. Mbele tena kuna wasio na kitabu, wana bunduki tu. Dereva hutia jumla yote katika nauli, mwenye lori huitia katika bei ya mzigo, na mnunuzi wa Uvira hajui habari hiyo, anataka bei ya jana. Basi anayebeba gharama yote mwishoni ni yule mama aliyeamka alfajiri kuchemsha chikichi.

Watafiti waliohesabu bariyeri za Kivu zote mbili na kuchapisha kazi yao 2017 walizikuta 798, na kati ya hizo 312 zilikuwa Kivu Kusini. Nyingine zilikuwa za makundi yenye silaha, nyingi zilikuwa za watumishi wa serikali wenyewe. Hapo utaona kwa nini makundi yanaweza kugombana juu ya kabila na ardhi na bado yakafanana kwa jambo moja. Mfugaji Munyamulenge anayeteremsha ng'ombe kutoka Minembwe, mkulima Mubembe anayepandisha chumvi, Mufuliiru mwenye duka, Mubuyu mwenye mihogo, wote hulipa kwenye kamba. Watoza kamba wanazungumza lugha mbalimbali, lakini wanasaidiana bila kukubaliana: kila mmoja anamwonyesha jirani yake kuwa adui, ili yeye aonekane mlinzi.

Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, na tangu Desemba ya mwaka huo vita ilipofika Uvira, mzigo huo umezidi. Njia zimefungwa, masoko yamekatika, waliokimbia wamefika mpaka kwetu. Kila vita mpya huongeza kamba. Na kamba, tofauti na vita, haisaini mkataba wa amani.

Dhahabu ya Misisi

Mtasema: hayo ni mawese, lakini sisi tuna dhahabu. Twendeni Misisi, kule Ng'andja. Mlima umetobolewa, mashimo yana mihimili ya miti, na wenye mashimo huitwa PDG kama wakurugenzi wa makampuni makubwa. Kijana anaingia kwa tochi kichwani. Mama anatwanga mawe nje. Jioni mnunuzi anatoa mizani ndogo ya sahani mbili. Sahani moja inatiwa punje za dhahabu, na nyingine inatiwa sarafu kuukuu, hata njiti za kiberiti. Kijana anatazama mkono wa mnunuzi, siyo mizani, kwa sababu bei imekwisha kuamuliwa na deni. PDG alikula chakula cha mnunuzi huyo kwa miezi wakati shimo halijatoa kitu.

Kutoka hapo dhahabu huenda Uvira, Bukavu, Bujumbura, na mwisho wake mara nyingi ni Dubai. Kwa miaka mingi vitabu vya serikali vilionyesha kwamba Kivu Kusini nzima inauza nje makumi ya kilo tu za dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa mwaka. Halafu mwaka 2023, kampuni mpya ilipoanza kununua kihalali Bukavu, hesabu iliruka ikapita tani 5. Milima haikuzaa dhahabu mpya mwaka ule. Kilichobadilika ni kwamba sehemu ya mali iliyokuwa ikipita gizani iliandikwa.

Sheria ya Madini iliyorekebishwa 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta au mji ambako madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ni mgawo mzuri. Lakini mrabaha huo hulipwa na wenye hati za kuchimba. Dhahabu ya koleo na karai haimo. Kwa hiyo Ng'andja inatoa dhahabu, na asilimia zake 15 zinabaki kwenye karatasi.

Walichokuwa nacho wakulima wa kakao

Je, ugonjwa huu ni wetu peke yetu? La. Mwanahistoria Frederick Cooper ameonyesha kwamba dola nyingi za Afrika zilirithi kazi ya kulinda lango: kutoza kinachoingia na kinachotoka, bila kushika vizuri yaliyo ndani. Ghana ni mfano mkubwa. Mwaka 1947 Waingereza waliunda Bodi ya Kakao. Mkulima aliuza kwa bodi kwa bei iliyopangwa, bodi ikauza nje kwa bei ya dunia, na tofauti ikabaki serikalini. Mwaka 1954 serikali ya Nkrumah iliizuia bei ya mkulima isizidi shilingi 72 kwa mzigo, wakati bei ya dunia ilikuwa juu. Wakulima wa Ashanti walikasirika, na Septemba mwaka huo chama kipya cha upinzani kikaanzishwa Kumasi.

Katika habari hiyo nawaomba mwone jambo moja. Mkulima wa Ashanti alikuwa ananyonywa, lakini alijua kiasi anachonyonywa. Bei yake ilitangazwa. Bei ya dunia iliandikwa magazetini. Aliweza kutoa moja katika nyingine, na jibu lake likawa siasa: mikutano, chama, kura. Mkulima wa Fizi hana la kutoa wala la kutolea. Hasira isiyo na hesabu ikakosa njia ya kuwa siasa, ikawa bunduki, na bunduki ikajenga bariyeri.

Tushike nini mkononi

Kuna dalili mbili njema, nazo ziko hapa karibu. Ya kwanza ni hospitali hii ya Methodisti Huru. Imepita katika vita vingi. Mgonjwa analipa, na anaona anacholipia: kitanda, dawa, muuguzi wa usiku. Watu wetu hawakatai kulipa. Wanakataa kulipa gizani.

Ya pili ni pesa ya simu. Ndugu zetu waliochukuliwa kutoka Nyarugusu kwenda Marekani, Kanada na Australia hutuma ada za shule na fedha za matibabu, nazo hufika Nundu bila kushuka kwenye kamba yoyote. Labda hii ndiyo mali ya kwanza katika historia yetu kuingia Fizi bila kutozwa na mtu mwenye silaha. Na angalieni inafanya nini: inajenga nyumba na kusomesha watoto. Mali ikimfikia mwenyewe, inakaa.

Katiba ya 2006 imetupa ufunguo. Mapato ya taifa, asilimia 40 ni ya majimbo, na sheria ya 2008 inataka jimbo liipe kila sekta na kila mji sehemu yake. Sheria hiyohiyo inataka sekta iwe na baraza lililochaguliwa na wananchi, na baraza limchague mkuu wa sekta. Kwa sekta zetu nne, Tanganyika, Mutambala, Ng'andja na Lulenge, uchaguzi huo haujafanyika hata mara moja. Wakuu wameteuliwa kutoka juu kama siku za medali.

Tusisubiri mpaka vita iishe ndipo tudai. Yapo mambo matatu ambayo hayahitaji ruhusa ya mtu mwenye silaha.

La kwanza, orodha ya kodi halali ibandikwe: kwenye ofisi ya sekta, kwenye kila soko, kwenye kila ufuko unaoshusha mizigo. Iandikwe kwa Kiswahili, kiasi kikiwa kwa franga. Kisichokuwa kwenye orodha si kodi.

La pili, anayelipa adai risiti, na risiti zikusanywe. Wauza mawese, wavuvi, wenye malori na wafugaji waunde daftari moja. Kila mwezi waandike walicholipa, wapi, na kwa nani, bila kutaja majina yanayoweza kumletea mtu kifo. Nambari peke yake zinatosha. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na kitu ambacho Fizi haijawahi kuwa nacho: hesabu yake yenyewe, iliyoandikwa na wanaolipa.

La tatu, hesabu hiyo isomwe hadharani, mbele ya makabila yote. Hapa ndipo nilipotaka lubunga. Sisemi turudi nyuma. Nasema tuchukue ile desturi kwamba mkubwa anajulikana amekula nini na amegawa nini, tuipanue, wanawake waingie, vijana waingie, mfugaji na mkulima wakae ubao mmoja. Mkutano wa kusuluhisha makabila bila hesabu mezani hurudi kwenye maneno ya nani alikuja lini. Mkutano wenye hesabu mezani utaonyesha kwamba waliokaa pale wote walilipa kwenye kamba zilezile.

Kuna watakaosema haya ni madogo mbele ya majeshi. Nawajibu kwa historia niliyowasimulia. Tulijaribu makubwa 1964. Tulijaribu makubwa Hewa Bora. Mwaka 1997 tulimpeleka mtu Ikulu. Kila mara tulibadilisha anayeshika njia, na hatukubadilisha haki ya anayebaki ya kuulizwa na kuuliza. Hilo ndilo jambo ambalo bado hatujalijaribu.

Basi naomba kazi ianze hapahapa. Barua ya kwanza iandikwe na wazee wa Nundu kwenda kwa mkuu wa Sekta ya Tanganyika, Mboko, ikiomba orodha ya kodi zote halali za sekta na mapato ya mwaka uliopita. Itiwe sahihi na Mubembe, Mufuliiru, Munyamulenge, Mubuyu na kila mwenye kuuza hapa, wanaume na wanawake. Nakala ibandikwe sokoni, na tarehe ya kungoja jibu iandikwe chini yake. Jibu lisipokuja, iandikwe ya pili, na majina yaongezeke. Karatasi ninayo hapa, na jina langu nimekwisha kulitia.